Rekodi ya Bruce Glick: pepa ya kurasa mbili kuhusu kuku na vipimo ambavyo havikuiona

Tuanze na faili lenyewe. Mtafiti kijana, katoka Ohio State University kwenye idara ya kuku, mwaka 1956 anatoa pepa ya kurasa mbili tu kwenye jarida la Poultry Science, ambalo ni jarida la wataalamu wa ufugaji wa kuku, ana wenzake wawili kwenye orodha ya waandishi, na pepa hiyohiyo ilishapelekwa kwanza kwenye jarida kubwa la Science ikarudishwa. Ukiwa mjumbe wa kamati ya kupandisha watu vyeo na faili hilo liko mbele yako utasema nini? Wengi wetu tungefungua faili linalofuata, tuseme ukweli.

Mtafiti huyo ni Bruce Glick, na hiyo pepa inahusu kifuko cha kuku kinachoitwa bursa ya Fabricius na utengenezaji wa kingamwili, yaani protini za mwili za kupambana na vimelea. Ndo pepa iliyofungua mlango wa kujulikana seli B, zile chembe nyeupe za damu ambazo zikikomaa zinamwaga kingamwili, na bila kuzielewa hizo huwezi kueleza kwa nini chanjo nyingi zinafanya kazi, kwa nini kuna watoto wanazaliwa wakiugua maambukizi yasiyoisha, wala kwa nini kuna saratani za damu zinazotibika leo ambazo zamani zilikuwa ni kusubiri kifo. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kitu ambacho nadhani hatukisemi vya kutosha: vipimo tunavyotumia kumpima mtafiti wa immunolojia, yaani elimu ya kinga ya mwili, havikumpunja Glick kidogo tu, vilikuwa vinatazama upande mwingine kabisa, na mchango wake ungeweza kuonekana mapema kama mtu angekaa chini akasoma zile kurasa mbili.

Kwanza tuelewe alichokikuta, manake bila hapo hesabu zote za pepa kunukuliwa na watafiti wengine hazina maana. Ndege ana kifuko kidogo juu ya kloaka, karibu na tundu la haja. Mtaliano Hieronymus Fabricius, aliyekuwa mwalimu wa William Harvey kule Padua, alikieleza kwenye kitabu kilichotoka 1621 akiwa keshafariki, na yeye alidhani ni mahali kuku jike anatunzia mbegu za jogoo. Dhana hiyo haikusimama, na kwa zaidi ya miaka mia tatu kazi halisi ya kile kifuko haikujulikana. Glick inasimuliwa alikiona wakati profesa wake anapasua bata bukini mezani, akauliza hiki ni nini na kinafanya kazi gani, akajibiwa swali zuri, nenda katafute mwenyewe.

Sasa hapa ndo kuna ustadi ambao mtu akisoma harakaharaka anaupita. Hakukimbilia kukata. Alianza kupima kifuko kinakuaje kwa kufuata umri, akakuta kinakua kwa kasi sana kwenye wiki za mwanzo baada ya kifaranga kuanguliwa kisha kasi inapungua na baadaye kuku akikomaa kinasinyaa. Akajiuliza, kama kiungo kinakua hivi utotoni basi kazi yake itakuwa utotoni, kwa hiyo akakiondoa kwa vifaranga wakiwa bado kwenye hicho kipindi. Leo tunajua kwa nini uamuzi huo ndo ulibeba kila kitu: seli zinakomaa ndani ya bursa halafu zinahama kwenda kwenye wengu na sehemu nyingine za mwili, ukichelewa kukata unakuta zimeshahama, kuku anaendelea kutengeneza kingamwili kama kawaida na wewe unaandika kwenye daftari kwamba kifuko hakina kazi yoyote. Yaani jaribio lilelile, kisu kilekile, ukikosea umri unapata jibu la uongo lenye sura ya ukweli.

Pamoja na hayo yote, vifaranga wake wasio na bursa walikua tu. Hakukuwa na kitu cha wazi cha kusema hiki ndo kimeharibika. Mpaka alipokuja mwanafunzi mwenzake, Timothy Chang, aliyekuwa na kazi ya kuwaonyesha wanafunzi jinsi kuku anavyotengeneza kingamwili. Chang alipungukiwa kuku akaazima kwa Glick, akawachoma sindano ya antijeni, yaani kitu cha kuamsha kinga, ya bakteria wa Salmonella, kisha akaja kupima damu yao. Kipimo chenyewe ni rahisi na kina matokeo ya kuona kwa macho: unatenga maji ya damu, unayachanganya na bakteria, kama kingamwili zipo zinawashika wale bakteria na kuwaunganisha mpaka unaona chengachenga zinajikusanya na mchanganyiko unajitenga, kama hazipo mchanganyiko unabaki na ukungu wake uleule hata ukiutikisa vipi. Kuku kadhaa walikufa baada ya kuchomwa. Waliobaki ukungu haukutoka.

Kwa mwalimu wa maabara hiyo ni siku mbaya, onyesho limegoma mbele ya wanafunzi, na wengi wangesema antijeni imeharibika tuanze upya. Hawa walikwenda kuangalia ni kuku gani waliogoma, wakakuta ndo wale waliokatwa bursa. Hapo wakarudia jambo lenyewe kwa mpangilio, kuku waliokatwa upande huu na wasiokatwa upande ule, wakiwa na George Jaap kama mwandishi wa tatu, na matokeo yakasimama: ukiondoa bursa mapema, kuku wengi wanashindwa kutengeneza kingamwili.

Wakaandika, wakapeleka Science, ikarudi. Sababu inayosimuliwa ni kwamba mhariri alitaka maelezo zaidi ya namna jambo hilo linavyofanyika mwilini, kifuko kinafanya nini hasa mpaka kingamwili zitokee. Nataka niwe mwadilifu hapa kwa sababu kisa hiki watu wanapenda kukisimulia kama hadithi ya wahariri vipofu. Swali lile halikuwa la kijinga. Mwaka 1956 hakuna aliyejua kwa uhakika limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu ambamo seli B nazo zimo, zinafanya kazi gani, acha bursa, kwa hiyo mhariri aliyeuliza utaratibu wake ni upi alikuwa anauliza kitu ambacho sayansi yote ya wakati ule ilikuwa haijakijua. Kosa lake kwa maoni yangu ni moja na ni kubwa: alidai jibu la swali ambalo hiyo pepa ndo ilikuwa inalianzisha. Pepa inayosema hapa kuna mlango na ufunguo wake ni huu haiwezi kulazimishwa pia ieleze vyumba vyote vya ndani.

Basi ikatoka Poultry Science, juzuu la 35. Kurasa mbili.

Sasa chukua vipimo tunavyoviamini leo uviweke juu yake, ingawa vingine havikuwepo kipindi hicho. Impakti fakta ya jarida inahesabu wastani wa mara ambazo makala zake za miaka miwili iliyopita zimenukuliwa mwaka huu. Kwa pepa ya 1956 maana yake ni kwamba dirisha lake ni 1957 na 1958 tu, likifungwa limefungwa. Na kwenye hiyo miaka miwili nani alikuwa anaifuatilia bursa? Kwa sehemu kubwa ni walewale wenyewe, Glick akiendelea na Chang naye, ambaye 1957 alitoa kazi nyingine kuhusu umuhimu wa bursa kwenye kutengeneza kingamwili, humohumo Poultry Science na wenzake wengine. Wataalamu wa kinga waliokuwa wanafanya kazi na sungura, panya na binadamu hawakuwa wanasoma jarida la kuku. Kwa hiyo kipindi ambacho kipimo kinaangalia ndicho kipindi ambacho pepa ilikuwa inaongea na watu wasiokuwa wahusika wake wakuu, na kipindi ilipowafikia wahusika kipimo kilikuwa kimeshaondoka.

Inafaa ikumbukwe pia hii namba ilitengenezwa kwa kazi gani. Eugene Garfield alitoa wazo la faharasa ya kunukuliwa, orodha ya kuonyesha nani kamnukuu nani, kwenye Science mwaka 1955, mwaka mmoja kabla ya pepa ya Glick, na wazo la impakti fakta lilikuja kusaidia kuchagua majarida ya kuingiza kwenye hiyo faharasa, baadaye maktaba nazo zikaitumia kuamua zilipie nini. Ni namba ya jarida. Kuichukua ukaibandika kwa mtu mmoja na pepa yake moja ni kuitumia nje ya kazi yake, na jambo hilo limeshasemwa wazi kwenye azimio la San Francisco linaloitwa DORA, lililotokana na mkutano wa Desemba 2012, lakini bado kamati nyingi zinafanya hivyo kwa sababu ni rahisi na kwa sababu namba inaonekana haina upendeleo.

H-indeksi nayo tuiangalie. Jorge Hirsch, mwanafizikia, aliileta 2005: mtafiti ana h ya 15 kama ana pepa 15 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 15. Inasaidia kumpunguzia nguvu mtu mwenye pepa moja ya bahati, na inasaidia kumwinua mtu anayefanya kazi nzuri kwa utulivu miaka mingi, sikatai. Ila angalia inavyofanya kwa mtu kama Glick. Pepa iliyonukuliwa mara 15 na pepa iliyonukuliwa mara 1500, kwa mtu mwenye h ya 15 zina uzito mmoja, kila moja inahesabika kama moja. Pepa iliyogeuza fani nzima inapewa thamani sawa na pepa ya kuhusu lishe ya vifaranga iliyopita salama. Kipimo kimejengwa ili kilele kisionekane, na kwenye kisa hiki kilele ndo kila kitu.

Haya, tuifuate sasa pepa ilivyosafiri, manake hapa ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote na ndo sehemu kamati hazina muda nayo. Wa kwanza kuibeba kwa uzito walikuwa watu wa University of Wisconsin, kundi la Harold Wolfe, waliokuwa tayari wanafanya utafiti wa kingamwili za kuku kwa miaka, kwa hiyo wao walikuwa na mguu mmoja kwa kuku na mguu mmoja kwenye immunolojia. Walitumia njia nyingine isiyo ya kisu, homoni ya jamii ya testosteroni kwenye yai, inayozuia bursa isijengeke kabisa, na kazi ya Mueller, Wolfe na Meyer ya 1960 ikatoka kwenye jarida la watu wa kinga. Tayari hapo mambo yamebadilika: mtu wa immunolojia anayesoma jarida lake la kawaida sasa anakutana na bursa, na akitaka kunukuu atanukuu wapi? Wengi watanukuu ile aliyoisoma, siyo ile ya kurasa mbili iliyoko maktaba ya kilimo.

Mwaka 1961 Jacques Miller akatoa kwenye Lancet kazi yake ya London, kwamba panya akiondolewa thaimasi, kiungo kidogo kilichoko kifuani, mara tu anapozaliwa kinga yake inaharibika, hawezi hata kukataa ngozi ya panya mwingine aliyobandikwa. Ona mfanano na Glick, kiungo kilichodhaniwa hakina kazi, jibu linapatikana tu ukikata mapema. Mwaka uliofuata Aleksander Szenberg na Noel Warner kule Melbourne wakaonyesha kwenye Nature kwamba kwa kuku mambo yamegawanyika, kutengeneza kingamwili kunategemea bursa na kukataa ngozi ya kupandikizwa hakuitegemei. Halafu 1965 Max Cooper, daktari kijana wa watoto, akiwa na Raymond Peterson na Robert Good kule Minnesota, wakafunga hoja. Wao waliona tatizo lililokuwa linavuruga majibu ya wengine, kwamba kifaranga akishaanguliwa seli zingine zimeshatoka kwenye bursa na thaimasi, kwa hiyo wakaongeza mionzi kuzimaliza hizo zilizotangulia. Kuku waliokosa bursa hawakuwa na seli za kumwaga kingamwili, hawakuwa na kingamwili zenyewe, ila waliweza bado kukataa ngozi ya kigeni. Waliokosa thaimasi, hilo la ngozi likaharibika. Mifumo miwili, inayoishi ndani ya mnyama mmoja.

Na hapo hospitalini watu wakaanza kuwatambua wagonjwa wao. Ogden Bruton alishamweleza 1952 mtoto wa kiume aliyekuwa anaugua kila wakati na damu yake haina kabisa kundi la protini zenye kingamwili. Mtoto kama huyo anafanana na kuku wa Glick asiye na bursa. Na Angelo DiGeorge, 1965, matokeo ya kundi la Cooper yalipojadiliwa, akaeleza kuhusu watoto waliozaliwa bila thaimasi, ambao wanafanana na kuku wa upande wa pili. Mtu anaposema utafiti wa kuku una uhusiano gani na afya ya binadamu, jibu ni hilo.

Mwaka 1969 Ivan Roitt na wenzake wakaandika kwenye Lancet wakiziita hizo seli B na T, B ya bursa na T ya thaimasi, na majina yakashika dunia nzima. Sisi binadamu hatuna bursa, kazi yake kwetu inafanyika kwenye uboho, yaani bone marrow, na kwa bahati nzuri herufi ilibaki ileile kwa lugha ya Kiingereza kwa hiyo hakuna aliyelazimika kubadili chochote. Lakini ndo hivyo tena, kuanzia hapo saitesheni za Glick, yaani mara anazonukuliwa, zilikuwa zimepata pigo ambalo hakuna kipimo kinachoweza kulirekebisha. Mwanasosholojia Robert Merton alishaieleza hali hii: wazo linazama ndani ya elimu ya kila siku mpaka hakuna anayeona haja ya kutaja lilikotoka. Kila pepa inayosema seli B inasimama juu ya kuku wa 1956 na karibu zote hazimtaji. Hazifanyi vibaya, huwezi kunukuu chanzo cha kila neno unaloandika. Ila mtu anayepima kwa kuhesabu majina kwenye marejeo ataona mchango wa Glick unapungua kadiri unavyozidi kuwa mkubwa, na hilo kwangu ni jambo zito kuliko hata lile la Science kumkatalia.

Fikiria tu ni vitu gani vimejengwa hapo juu. Köhler na Milstein mwaka 1975 waliunganisha seli B na seli za saratani wakapata kiwanda cha kingamwili za aina moja, wakapata Nobel 1984. Rituximab iliidhinishwa Marekani 1997, dawa inayoshambulia alama ya CD20 iliyoko juu ya seli B, ikabadilisha matibabu ya limfoma, saratani ya limfosaiti. Jeni linaloharibika kwa watoto wa aina ya yule wa Bruton lilipatikana 1993, na dawa ya ibrutinib inayozuia protini ya jeni hilohilo ikaidhinishwa 2013 kwa saratani za seli B. Na upande wa kuku wenyewe, mfugaji yeyote anayeijua gumboro anakijua kifuko cha Glick hata kama hajui jina lake. Virusi vya gumboro vinaingia kwenye bursa ya kifaranga na kuziua seli B changa, na wakishambuliwa kwenye wiki tatu za mwanzo vifaranga wanaweza wasionyeshe dalili yoyote, wewe unawaona wazima, halafu unawachanja kideri na chanjo haishiki kwa sababu wa kutengeneza kingamwili walishauawa. Ukipasua kuku aliyekufa daktari wa mifugo anakwenda moja kwa moja kwenye bursa, aione imevimba au imesinyaa. Hiyo ni athari ya kitaaluma inayotembea kwenye mabanda, na hakuna faharasa inayoihesabu.

Kuna jambo la Chang nalo halitakiwi kupita kimya. Kisa kikisimuliwa jina linalotajwa ni Glick, na ni sawa, yeye ndo alikuwa na swali, yeye alipima ukuaji, yeye alikata kwa wakati unaofaa. Lakini hakuwa anatafuta kingamwili. Aliyeleta kingamwili mezani ni Chang, kupitia onyesho la darasani. Ukiangalia orodha ya waandishi unaona Glick, Chang, Jaap, mwandishi wa pili ni wa pili tu, na ukihesabu kwa mtindo wa kamati nyingi wa pili anapata pointi pungufu. Kwenye pepa hii mchango wa pili ndo uliogeuza kuku wasio na dalili kuwa ugunduzi. Ingetosha sentensi mbili kueleza nani alifanya nini, na majarida mengi siku hizi yanadai maelezo hayo, ambayo kwa bahati mbaya ndo sehemu wapimaji wanairuka.

Najua kuna mtu atasema, basi kila pepa isiyonukuliwa tuiite lulu iliyofichwa? Hapana, na hilo lisemwe kwa nguvu. Kuna pepa zilizolala miaka mingi zikaamka, wanaopima sayansi wamezichunguza na Anthony van Raan aliandika juu yake 2004, na kilichoonekana ni kwamba kulala kwa kina kisha kuamka kwa kishindo ni jambo la nadra. Pepa nyingi zisizonukuliwa zimetulia kwa sababu hazikuwa na kitu. Mtafiti anayejitetea kwamba dunia haijamwelewa bado, bila kuonyesha ushahidi mwingine, asipewe cheo kwa hoja hiyo. Kwa hiyo swali la kazi, ambalo ndo nataka wapimaji walishike, ni hili: mwaka 1958, kabla Wisconsin hawajaibeba na Cooper hajafunga hoja, je kulikuwa na kitu cha kuonekana kwenye faili la Glick?

Mimi nasema kilikuwepo. Kwanza matokeo yenyewe hayakuwa ya kubembeleza takwimu. Kuku wana kiungo wanatengeneza, kuku hawana kiungo wengi hawatengenezi, na kundi la kulinganisha lipo. Tofauti ya namna hiyo kwenye baiolojia haitokei kila siku. Pili jaribio linaweza kurudiwa na yeyote mwenye vifaranga, kisu na bakteria, halihitaji mashine ya pekee wala mkono wa fundi mmoja, na kitu ambacho ni rahisi kurudiwa kikiwa cha uongo kinajulikana upesi. Tatu kulikuwa na sababu ya kibaiolojia iliyotangulia matokeo, yaani ile kazi ya kupima ukuaji, kwa hiyo hawakuwa wamejikwaa tu juu ya namba. Na nne, hili ndo ningelipa uzito kuliko yote, pepa ilikuwa imewapa wengine swali wanaloweza kulifanyia kazi kesho asubuhi: je, bursa inatoa homoni au inatoa seli? Je, mnyama asiye na bursa ana nini badala yake? Je, magonjwa ya kukosa kingamwili kwa binadamu ni bursa iliyokosekana? Mtu wa immunolojia akisoma zile kurasa mbili kwa saa moja anaandika hayo maswali mwenyewe, hahitaji kujua zimenukuliwa mara ngapi.

Ila lazima awe mtu wa immunolojia, au angalau asome pamoja na mmoja. Huu ndo udhaifu wa pili wa kamati. Faili la Glick likipimwa na watu wa kuku peke yao wataona kazi nzuri isiyoongeza mayai wala nyama. Likipimwa na watu wa kinga peke yao wataona jina la jarida waishie hapo. Kazi zinazokaa mpakani kati ya fani mbili zinahitaji msomaji mmoja kutoka kila upande, na kama chuo hakina basi kiombe nje, barua moja ya mtaalamu aliyeisoma kweli ina thamani kuliko jedwali zima la namba. Glick mwenyewe alikwenda Mississippi State University, akaendelea na bursa na kinga ya ndege kwa miongo, baadaye akahamia Clemson, akabaki kwenye idara za kuku maisha yake yote ya kazi. Cooper na Miller walipata tuzo ya Lasker, tuzo kubwa ya utafiti wa tiba ya Marekani, 2019 kwa kutambua seli B na T, wakiistahili kabisa, na kipindi hicho Glick alikuwa ameshafariki.

Siku hizi kuna taasisi zimeanza kuomba wasifu wa maelezo badala ya orodha ndefu ya machapisho, Royal Society ya Uingereza walitoa mfano wao 2019, ambapo mtafiti anachagua kazi chache na kueleza kila moja ilibadilisha nini. Wapo wanaolalamika kwamba itawapendelea wenye ufundi wa kuandika, na hoja hiyo ina ukweli ndani yake, ndo maana kila dai linatakiwa liwe na kitu cha kukagua. Kwa faili hili, kama ningekuwa naliandaa mimi mwaka 1966 kwa ajili ya kamati, kipengele cha kwanza ningekiandika hivi:

"Chapisho la 1956, Poultry Science, kurasa mbili, na T. S. Chang na R. G. Jaap. Glick alipima ukuaji wa bursa na kuwaondolea vifaranga katika wiki za mwanzo. Chang aligundua kwenye kipimo cha Salmonella kwamba kuku hao hawatengenezi kingamwili. Jaribio likarudiwa kwa kundi la kulinganisha. Limethibitishwa kwa njia ya homoni Wisconsin 1960 na Melbourne 1962, na kwa upasuaji pamoja na mionzi Minnesota 1965. Limewapa madaktari wa watoto namna ya kutofautisha watoto waliokosa kingamwili na waliokosa thaimasi. Tunaomba wajumbe wasome pepa yenyewe, imeambatishwa, haizidi dakika kumi, na mmoja wa wajumbe awe mtaalamu wa kinga."